Mahali pa Ndege Kukosea

Nikianza na sura yake nitadanganya, kwa sababu kwa miaka minne niliyokuwa naye kazini sikuwahi kumtazama vizuri. Nilikuwa kijana wa Mbeya mwenye cheti, suti mbili za Kaunda na kalamu mfukoni, na watu wa aina yangu hatukuwa na desturi ya kutazama walinzi. Ninachokumbuka kwanza ni hatua zake. Kila asubuhi, ukungu wa Sumbawanga ukiwa bado umelala juu ya nyasi, alitembea kiwanja cha ndege kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, akihesabu kwa sauti kwa Kifipa. Akifika mwisho anageuka, anahesabu tena kurudi. Siku moja nilimuuliza kama anadhani kiwanja kimepungua usiku. Alinijibu kwamba kiwanja hakipungui, ila nyasi zikilowa kinakuwa kifupi. Nilikwenda ofisini nikawasimulia wenzangu, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Jina lake lilikuwamo kwenye faili, lakini hakuna aliyelitumia. Mji mzima ulimwita Bwana Kiwanja. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kupaka chokaa mawe ya pembeni, kufukuza ng'ombe wa watu na kutunza mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoning'inizwa kwenye mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Mimi nilikuwa karani wa ofisi iliyomwajiri, ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilisimamia barabara za udongo, visima viwili na huyo mzee mmoja, na kwa jinsi nilivyotembea mjini ungedhani nasimamia bandari.

Mfuko wa upepo aliushona mwenyewe kwa amerikani. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita na wa saba hauna adabu, ulikuwa unauchana kila baada ya siku chache, na yeye anaushusha, anauweka magotini na kuutia viraka. Sindano aliichomeka kwenye ukingo wa kofia yake. Ukimkuta anashona usimsemeshe, maana atakujibu kwa sindano mdomoni na hutaelewa kitu, kisha atakulaumu kwamba husikii.

Alikuwa mkali kwa ng'ombe. Wafugaji walimwogopa, akimkamata ndama kwenye kiwanja hamwachilii mpaka uje na mtu mzima wa kukuombea. Lakini alikuwa na jike lake moja la rangi ya udongo, na jike hilo lilikula katikati kabisa ya kiwanja, kuanzia asubuhi hadi jioni, mbele ya macho yake. Nilipomuuliza alisema, "Huyu anaijua ndege." Nilimwandikia barua ya onyo, nakala tatu, yenye maneno kama "kinyume kabisa" na "hatua kali". Kusoma hakujua, kwa hiyo akaniletea mimi mwenyewe nimsomee. Nikamsomea yote mpaka saini yangu. Akasikiliza kwa makini, akaikunja barua na kusema, "Aliyeandika ana hasira sana. Mpe pole." Ng'ombe akaendelea kula. Na kwa kweli, sipendi kukiri, yule ng'ombe aliinua kichwa na kujiondoa taratibu kabla sisi hatujasikia mlio wowote angani.

Hakuwahi kupanda ndege. Rubani mmoja alijitolea kumzungusha juu ya mji bure, akakataa, akasema ameshaona wanavyotua. Marubani aliwadharau wote, wazungu kwa weusi, kwamba ni watu wa haraka wasiopenda kuambiwa. Hata hivyo mlio ukisikika alikimbilia kibandani kwake, akavaa koti lake kuukuu la kaki, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na kwenda kusimama wima kando ya mlingoti. Kusimama kule ndiko kulikuwa kusema kwake. Akisimama kimya maana yake njoo, kiwanja ni kikavu, upepo uko sawa. Akipunga kitambaa chekundu maana yake usitue, zunguka uje upande wa pili. Marubani waliozoea njia yetu walilijua jambo hilo. Mimi alinieleza mara tatu, nami mara zote tatu nilikuwa nikiitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee" huku nikifikiria chakula cha mchana.

"Kuruka ni kazi yao," alipenda kusema. "Kusimama ni kazi yangu." Alikuwa anamaanisha kwamba ndege ndogo ikitua huku juu kwetu, penye hewa nyepesi, inakuja kwa kasi kuliko inavyokuja pwani, inataka kukimbia mbali kabla haijatulia. Ikitua katikati badala ya mwanzoni, au nyasi zikiwa na maji, au upepo ukiisukuma kutoka nyuma, itaumaliza urefu wote na bado itakuwa inakwenda. Haya nayaeleza leo kama mtaalamu. Wakati ule niliyaona kuwa porojo za mzee aliyekaa peke yake muda mrefu.

Sasa nifike kwenye kile kipande cha ardhi. Kiwanja kilipoishia, nje kabisa ya mawe meupe, kulikuwa na ardhi tambarare inayoteremka kidogo kuelekea bondeni. Haikuwa sehemu ya kiwanja kwenye ramani yangu. Lakini Bwana Kiwanja aliifyeka kama kiwanja chenyewe. Aling'oa mawe, akavunja vichuguu, akafukia mashimo ya panya. Kazi hiyo hakuna aliyemtuma. Nilipomuuliza kwa nini anapoteza nguvu huko, alisema, "Hapo ni mahali pa ndege kukosea."

Na nilishuhudia ikikosea. Ndege moja ndogo ilitua imechelewa, ikapita mawe ya mwisho, ikaingia kwenye kile kipande, ikatikisika, ikasimama salama. Rubani alishuka. Bwana Kiwanja alimfuata hadi pale, vifungo vyote vimefungwa, hakumpa pole wala nini. "Kiwanja kinaanzia kule," alimwambia, akimwonyesha nyuma kwa kidole. "Kesho uanzie kule." Kisha akachukua jembe akasawazisha alama za magurudumu. Mtu mwenye akili angejifunza kitu siku hiyo. Mimi nilijifunza kwamba pale pana udongo mzuri.

Maana ulikuwa wakati wa kilimo. Kila ofisi iliagizwa iwe na shamba lake, na mkubwa asiye na shamba alitazamwa kama mtoro. Wenzetu wa ofisi nyingine walipewa mapori ya mbali, wakawa wanatembea nusu siku na majembe mabegani. Mimi, katibu wa kamati ya shamba ya ofisi yetu, nilikuwa na ardhi iliyokwisha kufyekwa, isiyo na jiwe, hatua chache tu kutoka mjini, imekaa bure. Niliona nimepata akili ambayo wengine wameikosa. Nilisimama kwenye kikao nikaieleza hoja yangu kwa dakika nyingi kuliko zilizohitajika, wakanipigia makofi.

Bwana Kiwanja alikuja ofisini. Hakuwahi kuja pale kabla ya hapo bila kuitwa. Alikuwa amevaa lile koti.

"Bwana karani, nasikia mnalima pale."

"Tunalima, mzee. Taifa linataka chakula."

"Limeni upande wa kibanda changu. Limeni hata ndani ya kibanda. Pale pakiwa na matuta, ndege ikipitiliza itavunjika."

"Ndege itapitilizaje, mzee, na wewe upo? Si ndiyo kazi yako?"

Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Nikaongeza maneno machache juu ya uvivu na watu wanaopinga maendeleo, maneno niliyoyasikia redioni, na niliyatamka vizuri sana.

Tulilima mvua zilipokolea, kwa matuta ya Kifipa. Mimi nilikuwa mgeni wa matuta hayo na nilikuwa nimeyapenda. Unafyeka nyasi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo wenye majani upande wa chini, unapata kilima cha mviringo kinachofika karibu na paja la mtu mzima. Nyasi zinaoza humo ndani, udongo unanona, juu unapanda maharage. Wafipa wanayatawanya wanavyojua wao. Mimi niliagiza yapangwe kwa mistari iliyonyooka, yakate njia ya ndege moja kwa moja, ili mgeni wa kutoka mkoani akija aone nidhamu. Bwana Kiwanja hakugusa jembe siku hizo. Nilimwandikia barua nyingine. Hakuniletea nimsomee.

Maharage yalipokuwa yanatoa maua nilitumwa Mbeya kwenye mkutano. Mvua ikakata barabara nikiwa huko, mabasi yakalala. Ndipo nilipopata bahati niliyoanza kujisifia kabla haijaisha. Palikuwa na daktari mmoja wa meno, mtu mfupi mchangamfu mwenye ndege yake binafsi ya viti vinne, aliyekuwa akija Sumbawanga mara kwa mara kung'oa watu meno. Aliniambia kiti kipo. Niliketi mbele, karibu naye, begi magotini, nikatazama chini nchi nzima ikipita na matope yake, na nikawahurumia watu wanaosafiri kwa basi.

Tulifika mvua imetoka kunyesha sasa hivi. Mfuko wa upepo ulikuwa umelowa chepechepe, umeshikamana na mlingoti, hausemi kitu. Daktari akashuka kuelekea kiwanja. Nikamwona Bwana Kiwanja, koti halijafungwa hata kifungo kimoja, anakimbia katikati ya nyasi akipunga kitambaa chekundu kwa mikono miwili.

"Yule anataka nini?" daktari akauliza.

"Anatusalimia, daktari," nikasema. "Ananifahamu."

Na nikampungia mkono.

Nimejaribu kwa miaka mingi kutafuta namna ya kusimulia sehemu hiyo nikaonekana si mjinga. Haipo. Upepo ulikuwa umegeuka, ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma. Bwana Kiwanja alijitupa pembeni tukampita. Magurudumu yaligusa chini tukiwa tumeshavuka nusu ya kiwanja, daktari akakanyaga breki, na ndege ikateleza juu ya nyasi zenye maji bila kujali kama kuna breki. Mawe meupe yakapita, hata lile la mwisho. Mbele yangu nikaona maharage yangu, safi, yamenyooka, mstari kwa mstari. Gurudumu la mbele likagonga tuta la kwanza, likakatika, na ndege ikasimama kwa pua.

Nilipoteza meno mawili ya mbele kwenye ule ubao wenye saa za ndege. Kando yangu alikuwa daktari wa meno, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Kulikuwa na harufu kali ya mafuta. Bwana Kiwanja alifika wa kwanza. Alimtoa daktari, akamlaza mbali, akarudi. Mimi nilikuwa nimeganda. Akanibeba mgongoni, akapita nami katikati ya matuta yangu akiyumba, damu yangu ikimchuruzikia shingoni. Hakuwa kijana. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia lile koti.

Mkaguzi alikuja kutoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili. Daktari alikuwa amekwisha kupelekwa kwao kutibiwa mkono, ameacha karatasi fupi iliyosema kwamba alimwona mtu akipunga kitambaa akadhani ni salamu. Hakusema ni nani aliyemfanya adhani hivyo. Nadhani alikuwa mstaarabu, au alikuwa amesahau kwa maumivu. Tulikaa barazani pa ofisi, mkaguzi mezani, Bwana Kiwanja amesimama, mimi kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa.

"Nani aliruhusu matuta mwisho wa kiwanja?" mkaguzi akauliza.

"Huyu hapa," Bwana Kiwanja akasema, akaninyooshea kidole bila kusitasita. "Nilimkataza. Na ndani ya ndege alikuwamo."

Mkaguzi akanigeukia. Mdomo wangu ulikuwa umeshonwa na kuvimba, sikuweza kutamka kitu. Kwa hiyo sikusema uongo, nataka hilo lieleweke. Nilitikisa kichwa tu. Nilikitikisa polepole, kwa huzuni, kama mtu anayemhurumia mzee aliyechanganyikiwa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, karatasi ziko mezani. Faili la kamati ya shamba lilikuwa kwenye kabati langu, na ufunguo wa kabati ulikuwa umelala juu ya paja langu. Mkaguzi alipoliulizia nikainua mabega. Wenzangu wa ofisini, waliokuwa wamenipigia makofi, wakatazama viatu vyao.

Iliandikwa kwamba mlinzi alilima isivyo halali na akashindwa kumwonya rubani. Aliachishwa kazi. Alirudisha mfuko wa upepo ukiwa umekaushwa na kukunjwa vizuri, akaondoka na ng'ombe wake kurudi kwao Chala. Sikwenda kumuaga. Nilijiambia kwamba mdomo unauma.

Mimi nilipanda cheo. Nilitengenezewa meno ya bandia ambayo yananifanya nipige mluzi nikitamka maneno fulani, na ajali ile ikawa hadithi yangu kubwa kwenye vilabu. Watu walininunulia bia niisimulie. Mwanzoni niliulaumu upepo. Baadaye nikaona hadithi inanoga zaidi mlinzi akiwa na usingizi. Kufikia mwaka wa tano alikuwa mlevi. Bwana Kiwanja hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na mimi nilimlewesha kila mwisho wa mwezi mbele za watu.

Kisha basi langu la Namanyere likaharibika pale Chala. Dereva akasema tungoje kifaa kutoka Sumbawanga. Nilitembea, nikajikuta nauliza anakokaa. Nilieleza kwa mwanamke mmoja gengeni, mzee fulani, zamani alikuwa mlinzi wa uwanja. "Aa," akasema, "yule aliyeangusha ndege." Akanielekeza vizuri kabisa. Njiani niliuliza tena kwa fundi baiskeli ili nihakikishe, naye akasema vile vile, yule aliyeangusha ndege, nyumba ya tatu.

Alikuwa uani na wanaume wanne wa jirani, wanapukuchua mahindi. Alikuwa amepungua, lakini kofia ni ile ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bwana karani. Umeota meno."

"Ya bandia, mzee."

"Naona."

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu gengeni. Nikachuchumaa mbele yake, nikashusha sauti ili wale wengine wasisikie, nikaanza kusema kwamba kuhusu jambo lile, mzee, ukweli ni kwamba mimi ndiye. Akaninyamazisha kwa mkono wenye punje za mahindi.

"Mimi usiniambie. Mimi nilikuwepo." Akawaonyesha wale wanne. "Waambie hawa. Huyu wa kofia nyeupe ni balozi wetu wa nyumba kumi. Simama uwaambie."

Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikajisikia mdogo vile, na nimehutubia vikao vingi. Niliwaambia. Shamba lilikuwa langu, alinikataza, alipunga kitambaa, nikamwambia rubani anatusalimia. Nilipofika kwenye kutikisa kichwa meno yakapiga mluzi, na mmoja wao akacheka, kisha akaacha. Balozi hakucheka. Aliniuliza, "Na ulikuwa wapi miaka yote hii?" Nikamwambia nilikuwa Sumbawanga. Nililia kidogo, nikajifuta kwa mkono wa suti.

Nilidhani yameisha. Nikageuka kumuaga Bwana Kiwanja, nikamkuta hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mlango wa jiko.

"Rudia," akasema. "Kwa sauti. Jikoni hawajasikia."

Nikarudia. Mwanamke mzee akatoka jikoni, unga mikononi, akasimama mlangoni akanisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza mimi ni nani. Nilimaliza. Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni petu na hakuna aliyewafukuza. Yule mama akamgeukia mume wake, na uso wake ulikuwa na hofu.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akasema.

Bwana Kiwanja alishika gunzi lake kwa mikono miwili.

"Nilikuambia," akamjibu. "Nilikuambia siku ile ile."

"Uliniambia," mama akasema.